Maneno Niliyoyaacha Barazani

Mwezi uliopita niliitwa tena kusema juu ya chanjo. Ndui imezuka upya upande wa machimbo ya dhahabu, halmashauri ya wilaya imekutana mara tatu, na mara zote tatu watu wazima wamepaaziana sauti juu ya swali lilelile: je, mtu alazimishwe kuchanjwa, au aachwe aamue mwenyewe? Vijana wa siasa wanasema kwamba amri yoyote inayotoka kwa mtawala wa kigeni ni kamba, hata kama imefungwa kwenye kitu chema. Watu wa idara ya afya wanasema ndui haingojei kura. Baada ya saa mbili za maneno hayo mwenyekiti alinigeukia akasema, "Na msomi wetu anasemaje?" Nilisimama, nikasema naiunga mkono amri, nikaketi. Nadhani walitarajia hotuba. Mimi ni mmoja wa watu wachache wa sehemu hizi waliofika chuo kikuu, na watu hutaka kuona elimu hiyo ikitoka mdomoni kwa wingi unaolingana na miaka iliyotumika kuipata.

Sikuwa na hotuba. Mjadala huu umenichosha, wala si kwa kuwa haunihusu. Niliwahi kuwa ndani yake siku moja ambapo maneno yangu yangeweza kuubadilisha, nami sikuyasema. Dada yangu alipofuka macho mwaka ule. Sijawahi kuandika jinsi ilivyotokea, na hadi juma lililopita sikuwa nimemsimulia hata yeye.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, na askari waliosalia walikuwa wakirudi nyumbani na makoti yao mazito ambayo jua la Shinyanga halikuyahitaji. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali, na kwa kuwa nilijua Kiingereza cha kutosha kuandika barua isiyochekesha, niliajiriwa kuwa karani na mkalimani katika baraza la mtemi wetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwetu Didia. Ndui ilifika kabla pamba haijaanza kupasuka. Ikaua kwanza katika kijiji kimoja kando ya reli, kisha katika kingine, na mara amri ikatoka bomani: asiye na alama ya chanjo begani hataingiza pamba katika kituo cha kununulia, na hakuna chama cha ngoma kitakachoruhusiwa kucheza mbina mpaka wachezaji wake wote wawe wamechanjwa.

Sehemu ya pili ya amri ile iliandikwa na mtu aliyetujua vizuri. Msukuma anaweza kuiacha pamba yake ioze shambani akavumilia. Kuikosa mbina baada ya mavuno, wakati vyama viwili vinasimama uwanjani vikishindana kuvuta watu kwa nyimbo na madoido hadi jua linazama, hilo halivumiliki. Lakini aliyeandika amri hakujua jambo moja, nalo ndilo lililoharibu yote.

Kuingia katika chama cha ngoma ni kuchanjwa. Mkuu wa chama, au mtu aliyemteua, humkata mgeni chale ndogo kwenye vifundo vya mikono na kifuani, akapaka dawa. Dawa hiyo ndiyo inayowavuta watazamaji na kuuacha uwanja wa wapinzani ukiwa mtupu. Aliyechanjwa na mkono wa upande mmoja ni wa upande huo mpaka afe. Akikubali kukatwa na mkono wa upande wa pili, watu huamini kwamba dawa mbili zitapigana mwilini mwake. Na kama yeye ni ningi, yaani kiongozi atungaye nyimbo na kuzianzisha, sauti yake itamkauka. Sisemi haya ili msomaji ayaamini. Nilipokuwa na miaka ishirini sikuyaamini hata kidogo, na niliona fahari kutoyaamini.

Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyeletwa kutuchanja alikuwa mzaliwa wa sehemu zetu, na hilo bomani walilihesabu kuwa ni jambo jema. Alikuwa kijana mtanashati mwenye baiskeli, na mikononi alikuwa na chale za chama pinzani. Wote tulizijua. Msimu mmoja kabla ya kwenda kusomea udresa alicheza mbina dhidi ya chama chetu akiwa amejifunga kengele miguuni, na watu bado waliukumbuka uchezaji wake. Alianza kazi kwa upande wa kwao, na watu wa chama chake walimwendea wakiimba. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakipita sokoni mabega wazi, vidonda vikionekana, wakitutambia: "Dawa ya bomani imo mwetu! Mwaka huu mtacheza na kuku wenu!"

Kwa hiyo, pale amri ilipotutaka tunyooshe mabega mbele ya mkono uleule, watu wa chama chetu hawakwenda. Taarifa ya bomani ilisema kwamba kuna upinzani unaotokana na ushirikina. Ninaikumbuka vizuri sentensi hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyeinakili kwa mwandiko safi.

Ningi wa chama chetu alikuwa shemeji yangu. Dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne na ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, alikuwa ameolewa naye kwa sababu ya sauti yake. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe bila haya. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mama yetu alipona ndui akiwa msichana, na uso wake ulikuwa na mashimo kama ardhi iliyonyeshewa matone makubwa kisha ikakauka. Aliposikia habari za chanjo alimfunga mjukuu wake mgongoni, akampeleka kwa dresa asubuhi ileile.

Shemeji alipomuuliza kwa nini, mama alijibu, "Mtoto hana chama. Akikua atachagua. Kwanza akue."

Dada naye alitaka kuchanjwa. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa baadaye wengi waliandika na kusema kwamba watu wale walikataa dawa. Alikuja kwangu barazani, akasimama kwenye mlango wa chumba changu cha makaratasi, akisita kuingia.

"Karani," aliniita, kwa jina ambalo mpaka leo hulitumia kunitania, kisha akanisalimu. "Mwangaluka."

"Mwangaluka, dada."

"Hiyo dawa naitaka. Uso wa mama nimeuona tangu nizaliwe. Lakini siwezi kumfanya mume wangu awe mtu ambaye mke wake amekatwa na mkono ule. Hakuna mtu mwingine? Hata mzee, hata kipofu, mradi si yule."

"Mwajiriwa ni mmoja," nilimwambia. "Daktari anakuja Jumatano kufanya baraza. Mumeo aseme hapo."

"Atasema," alisema. "Na wewe ndiwe utakayempelekea daktari maneno yake. Basi, moyo wangu umetulia."

Jumatano ile watu walijaa mpaka uwanja ukawa hauonekani. Daktari alikuwa mgeni nchini, mrefu, mwenye ngozi iliyobabuka puani. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na Kisukuma hakujua kabisa. Mtemi aliketi kwenye kiti chake, daktari kando yake, nami nilisimama kati yao nikiwa nimevaa koti langu la shule lililokuwa limeanza kunibana mabegani. Chama pinzani kilikaa upande wa kulia, wameacha mabega wazi. Chama chetu kilikaa kushoto. Dresa alisimama nyuma ya daktari, ameshika sanduku la dawa.

Wa kwanza kusema alikuwa mfugaji mmoja mwenye sauti nzito.

"Mimi nina swali dogo tu," alianza, na watu wakaanza kucheka kabla hajalisema, kwa maana walimjua. "Walianza na ng'ombe. Wakaja wakawachanja sotoka, wakatuambia, ni kwa faida yenu. Sawa. Wakishachanjwa, wakahesabiwa. Sawa. Wakishahesabiwa, wakaja kuwachukua kulisha askari vitani. Sasa leo mmetufikia sisi wenyewe. Mtatuchanja, mtatuandika. Naomba kujua mapema: baada ya kuandikwa, tunakwenda kuliwa wapi?"

Uwanja mzima ulicheka, kulia na kushoto, na hata mtemi alijifuta macho. Nilimtafsiria daktari maneno yale neno kwa neno, na kwa madaha, kwa kuwa yalikuwa mzaha mzuri na niliona yanaonyesha kwamba sisi ni watu wenye akili. Daktari alitabasamu akasema kwamba hana njaa kiasi hicho. Nikalirudisha jibu lake kwa Kisukuma, wakacheka tena. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kisha akasimama mama mmoja, akauliza nani atachuma pamba yake mkono ukivimba. Alikuwa ameona mikono ya majirani ikivimba kama mihogo. Daktari akajibu vema: achanjwe mkono wa kushoto, na nusu ya nyumba ichanjwe kwanza, nusu ibaki kuchuma. Mama akasema, "Nduhu tabu, hilo nimelielewa," akaketi. Mambo yalikuwa yakienda. Ninaporudi nyuma kuikumbuka siku ile, huwa natamani kubaki hapo, baada ya mama yule kuketi na kabla hajasimama mwingine.

Shemeji yangu akasimama. Hakuwa mtu wa mwili mkubwa, lakini aliposimama mbele ya watu alijua mahali pa kuweka miguu yake. Dada alikuwa ameketi nyuma yake kidogo miongoni mwa wanawake, akinitazama mimi.

"Mtemi, na wewe daktari," alisema, "ugonjwa huu siukatai kwamba upo. Mama mkwe wangu anao usoni. Dawa siikatai. Na amri yenu siikatai. Ninaukataa mkono mmoja tu, na kila aliyeketi hapa anajua ni upi na kwa nini, na yeye mwenyewe anajua." Dresa alitazama chini, akitabasamu. "Basi nina ombi. Nipe mimi hicho kijisu na hiyo dawa. Nimewachanja watu tangu nilipokuwa kijana. Mkono wangu hautetemeki. Nifundishe siku moja, usimame hapo unitazame. Nitawachanja watu wangu wote kwa mkono wangu, na wa kwanza atakuwa mke wangu."

Watu wetu waliitikia kwa sauti moja, kama waitikiavyo wimbo. Daktari alinigeukia, akangoja.

Nitasema kilichokuwa moyoni mwangu bila kujisafisha. Nilimwona daktari, mtu aliyesoma miaka mingi, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa amecheka mzaha niliomletea kana kwamba mimi na yeye tunaelewana. Nikajiona nikimweleza kwamba shemeji yangu, mganga wa ngoma, anayepaka watu unga mweusi kwenye chale, anaomba akabidhiwe kijisu cha serikali kwa sababu dresa amechezea chama kingine. Niliona atakavyoinua nyusi, na kwamba baada ya kumtazama yeye angenitazama mimi. Niliona haya. Haya ile ilinishika mwili mzima, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mtu huyu na watu wake wanaogopa.

Basi. Maneno yote yale niliyafanya kuwa hayo. Daktari aliinamisha kichwa kwa upole, na upole ule ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka. Akajibu kwamba hakuna sababu ya kuogopa, kwamba hata watoto wadogo wamechanjwa bila kulia. Sasa ilinibidi nilirudishe jibu lile kwa Kisukuma, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nililirudisha.

"Daktari anasema hakuna sababu ya kuogopa. Anasema hata watoto wadogo hawakulia."

Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyeelewa. Kisha upande wa kulia ukapasuka. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Dresa, ambaye alikuwa amesikia Kiingereza changu na alijua vizuri nilichofanya, hakunisahihisha; alipaza sauti akasema, "Mwiteni mama yake aje amshike mkono!" Wanawake wa kwao wakapiga vigelegele.

Shemeji hakumtazama dresa wala daktari. Alinitazama mimi.

"Shemeji," aliniuliza taratibu, "umemwambia nilichosema?"

"Nimemwambia," nilijibu.

Akaketi. Mtemi akasema amri inabaki kama ilivyo, na baraza likafungwa.

Kabla ya juma kwisha chama pinzani kilikuwa na wimbo mpya juu ya simba aliyekimbia mwiba. Watoto waliuimba wakichunga mbuzi. Baada ya wimbo ule hapakuwa tena na njia ya shemeji kunyoosha bega lake mbele ya mtu yeyote katika utemi wetu; ingekuwa kukiri kwamba aliogopa. Akaamua kuwapeleka watu wake magharibi, ambako amri ya mtemi wetu haikufika. Kule Geita wachimba dhahabu walikuwa wakitoka kazini jioni bila cha kutazama, na chama chenye ningi mzuri kingepokewa kwa shangwe. Watu kama ishirini na watano waliondoka na ngoma zao. Dada alimwacha mtoto kwa mama, akamfuata mumewe.

Alipita barazani kuniaga. Akauliza tena, "Kweli hakuna mtu mwingine?"

Nilikuwa na siku nzima. Nilikuwa na baiskeli ya baraza. Daktari alikuwa mjini Shinyanga, na ningemkuta ofisini kabla ya saa sita. Lakini ili nimwombe chochote ingenibidi kwanza nimwambie kwamba Jumatano ile sikutafsiri. Nikamwambia dada, "Hakuna." Akanishika shavu, kama alivyozoea tangu utotoni, akaenda.

Habari zilikuja kwa dereva wa lori aliyepitia Segese. Ndui ilikuwa katika kambi za wachimbaji kabla wao hawajafika. Walicheza wiki mbili, na wiki ya tatu wawili wakalala na homa. Waliwekwa katika zizi la miiba nje ya kambi pamoja na wagonjwa wengine, na chakula kilikuwa kikiachwa mlangoni. Shemeji alikuwa wa sita kufa. Dereva alisema watu wa zizini walisimulia kwamba siku za mwisho koo lake lilijaa vidonda na sauti haikutoka kabisa. Watu wa chama pinzani waliposikia hilo hawakucheka. Wimbo wa simba ulikoma siku hiyohiyo, na hakuna aliyeamuru.

Dada alirudi mvua zilipoanza. Mwanamke mwenzake wa chamani alimwongoza kwa fimbo, mmoja ameshika mwisho huu, mwingine mwisho ule. Sikumtambua mpaka alipoita "Mayu" na mama akatoka jikoni. Ndui ilikuwa imeyachukua macho yote mawili. Hakulia. Aliketi kwenye kigoda, akaomba aletewe mtoto. Mtoto hakumkumbuka, naye aliogopa uso ule. Mama alimshikilia kwa nguvu. Dada alipapasa mkono mdogo kutoka kiganjani kwenda juu mpaka begani, akalipata kovu la chanjo, akaacha kidole chake juu ya kovu lile kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisema, "Shikamoo, dada." Akasema, "Marahaba, karani wangu. Umekula?"

Mwaka uliofuata dresa alihamishwa, akaja mwingine. Kwa bahati tu, bila mtu yeyote kupanga, huyu wa pili alikuwa na chale za chama chetu. Watu wetu waliosalia walichanjwa wote katika siku mbili, wakija wenyewe bila kuitwa, na kuna waliokuja mara mbili. Taarifa ya bomani ilisema kwamba upinzani umekwisha kutokana na elimu kuenea. Hiyo nayo niliinakili mimi.

Mengine ni maisha ya kawaida. Nilipata nafasi ya kwenda chuo, nikasoma, nikarudi. Nimesoma vitabu vinavyoeleza kwa nini watu wa mashambani hukataa dawa, na karibu vyote vimeandikwa kwa mwandiko safi. Katika vikao vya mwezi uliopita nilisikiliza hoja za pande zote mbili, nyingi zikiwa hoja nzuri, na sikumsikia hata mmoja akiuliza ni nani atakayekishika kijisu. Hata mimi sikuuliza. Naamini bado kwamba amri ya mwaka ule ilikuwa sahihi. Shemeji yangu pia aliamini hivyo. Alisema waziwazi, mbele ya watu mia kadhaa.

Juma lililopita nilikwenda Didia. Dada anakaa na binti yake, ambaye sasa ni msichana mkubwa anayeimba kwaya kanisani kwa sauti ninayoijua ilikotoka. Siku hiyo binti alikuwa amekwenda kuteka maji. Dada alikuwa uani akibambua karanga, ungo mapajani, vidole vyake vikienda haraka kuliko vya mtu mwenye macho. Nilikaa kwenye mkeka, nikachukua karanga chache ili mikono yangu iwe na kazi, na nikamweleza. Nilimweleza yote: Kiingereza changu, haya yangu, baiskeli iliyokuwapo.

Aliendelea kubambua mpaka nilipomaliza.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Mume wangu alilisema jambo hilo njiani, tulipolala Segese. Alisema jibu la daktari lilikuwa jibu la swali jingine."

"Alijua kwamba ni mimi?"

"Hapana. Alikutetea. Wenzake walisema, shemeji yako amekuuza. Akawaambia, msimseme vibaya kijana wangu, labda Kizungu hakina namna ya kulisema jambo lile. Alisema lugha nyingine ni fupi, ukiingia nayo mahali penye maneno mengi haitoshi." Alipuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Mimi nikakubali hivyo. Miaka yote hii nimeamini kwamba hakina."

Nilimuuliza kama anadhani daktari angekubali.

"Nitajuaje? Na wewe hujui. Pengine angekataa. Pengine angemcheka mume wangu. Sikuulizi habari za daktari. Nauliza hivi: Kizungu kina namna ya kulisema?"

"Kinayo."

"Basi liseme. Alivyolisema yeye. Nisikie."

Niliitazama njia kama kuna mtu anakuja. Hapakuwa na mtu. Nikalisema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyesimama barazani: kwamba apewe kijisu na dawa, afundishwe siku moja huku daktari akisimama kumtazama, kwamba atawachanja watu wake wote kwa mkono wake, na wa kwanza atakuwa mkewe. Lugha ile haikupungukiwa na kitu. Haikunilazimu hata kutafuta neno.

Dada alikuwa ameinua uso, mikono imetulia juu ya ungo.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Kumbe ni maneno machache hivyo," alisema.

Kisha akausogeza ungo kati yetu ili nami niweze kuufikia, na tukabambua karanga mpaka zikaisha.